Mama Alipogoma Kukaa Chini ya Taa

"Mama, mbona ile imewakimbia wenzake?"

Mdogo alikuwa amelala chali sakafuni, miguu juu ya kochi, anazihesabu taa za darini. Alipofika kwenye ile ya pembeni akakwama. Baba yake akacheka chinichini, akarudi kwenye simu yake. Hadithi anaijua, na anajua pia kwamba mimi nikiianza siikatishi.

Ni ya mwaka ule wa kubomoa ukuta wa jikoni. Vumbi, kelele, sufuria kulala chumbani kwa watoto: hayo mnayajua, nayaruka. Ninachokikumbuka vizuri ni karatasi ya fundi umeme.

Ilikuwa karatasi nzuri, siwezi kumdhulumu. Taa 12 za kuzama darini, safu tatu za nne nne, zimenyooka kwa rula. Akanieleza kanuni yake kwa subira: chukua kimo cha dari, gawa kwa mbili, hapo umepata nafasi ya kutoka taa hadi taa. Dari yetu ina mita 2.7, kwa hiyo kila baada ya mita 1.35 taa moja, na kutoka ukutani nusu ya hiyo, sentimita 68 hivi. Kanuni yenyewe si ya uongo. Ukiifuata, sakafu nzima inapata mwanga sawasawa. Shida ni kwamba sakafuni hakai mtu, ukimtoa huyu wangu wa miguu juu.

Usiku wa kuamkia siku ya kutoboa, sikupata usingizi. Bodi za jipsamu zilikuwa zimeshafungwa, rangi bado, na kila tundu litakalotobolewa ni tundu la kudumu. Nikamwamsha mwenzangu. Tukakata karatasi za duara za sentimita 9, upana wa tundu lenyewe, tukazibandika darini kila mahali fundi alipoweka alama. Kelele zetu zikamtoa mama yangu chumbani kwake.

"Mnafanya nini usiku huu?"

"Tunapanga taa, mama. Hebu kaa hapa, kiti chako ndipo kitakapokuwa."

Akakaa. Alikuja na kitabu chake na miwani, maana usingizi wake nao ulikuwa umeshakatika. Mwenzangu akapanda ngazi na tochi, kichwa cha tochi tumekizungushia karatasi ya manila ili mwanga usitawanyike, akaiweka sawasawa na duara lililokuwa juu ya kile kiti. Nikazima taa ya korido. Giza totoro. Halafu akawasha.

Sijawahi kumwona mama vile. Kilemba kiliwaka, paji la uso likawaka, na chini ya hapo macho hayakuwapo. Palikuwa na mashimo mawili meusi. Pua ilikuwa imetupa kivuli kirefu hadi kwenye mdomo, na mikunjo ambayo mchana huioni ilikuwa imechorwa yote, mmoja mmoja. Akafungua kitabu. Kivuli cha kichwa chake mwenyewe kikashuka kikaketi katikati ya ukurasa. Akakisogeza kitabu kushoto, kivuli kikamfuata. Akakisogeza mbele, mkono ukachoka. Akakifunga.

"Mwanangu, hapa mnaniangazia au mnanihoji?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Mimi hapa sikai," akasema, akasimama na kiti chake.

Mwenzangu akashuka, akaisogeza ngazi nyuma ya bega la kushoto la mama. "Baba, taratibu, utaanguka," mama akamwambia mkwewe, huku bado kanuna. Tochi ikawaka tena. Safari hii mwanga ulipita begani ukatua kwenye kitabu, na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ukurasa wenyewe ukaurudisha mwanga usoni kwake. Macho yakaonekana. Akasoma mstari, akageuza ukurasa, akatusahau. Tulikaa pale kwa muda, mwenzangu juu ya ngazi na mimi nimeishika, tunamtazama akisoma, hakuna aliyetaka kumwambia kwamba jaribio limekwisha.

Hiyo ndiyo taa iliyowakimbia wenzake.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Mboni husinyaa, lenzi huingia umanjano. Kumbe hakuwa anadeka.

Baada ya hapo tochi haikupumzika. Tuliishusha karibu na ukuta, ukuta ukang'aa, chumba kikaonekana kimepanuka. Jikoni nikasimama kwenye meza ya kukatia: taa ikiwa nyuma yangu nakata kivuli cha mikono yangu, ikiwa juu ya ukingo wa meza naviona vidole vyote. Chumbani tukaiondoa ile ya juu ya mto, maana mwenye kulala chali angeitazama balbu uso kwa uso. Kufikia alfajiri, sebuleni zimebaki karatasi 9, tena kila moja na njia yake.

Fundi alipofika alizitazama kwa muda mrefu. "Dada, watu watasema fundi alikuwa amelewa."

Alikuwa na haki kidogo. Ukisimama mlangoni, dari ile haina mpangilio, na sehemu moja tundu liliangukia juu ya mbao ya dari, ikabidi tulisogeze kiganja kizima. Lakini alikuwa fundi, si mbishi. Yeye ndiye aliyetukataza kufunika taa kwa sufi ya kuzuia joto, maana LED nayo joto huiua. Na swichi ya zamani ya kupunguza mwanga aliing'oa bila kutuuliza. Ile ilitengenezwa kwa balbu za waya, za mamia ya wati. Zetu 9 za wati 7 zinafika 63 kwa jumla, mzigo mdogo mno kwa swichi ile, zingepepesa usiku kucha.

Je, tulipatia? Sijui. Mama alikaa chini ya taa yake majuma machache tu, kisha akakihamishia kiti dirishani, akasema mchana anasoma vizuri zaidi. Chini ya ile taa siku hizi kuna kapu la nguo za kukunja, na nikiri kwamba nguo zinaonekana vizuri sana.

Halafu kuna suala la rangi, ambalo tochi haikutusaidia. Mwenzangu alichagua kelvini 2700 kwa sebule, mwanga wa manjano. Mimi jikoni nikachagua 4000, niione nyama imeiva au bado. Ukuta wa katikati ndio ule tulioubomoa. Kwa hiyo usiku sakafu ina mstari, huku njano, huku nyeupe, na kila mgeni anayepita hapo huuliza kama kuna taa imeungua. Yeye husema nibadilishe za jikoni. Mimi husema abadilishe zake. Kabatini tuna balbu za akiba, za aina zote mbili.