Tangi Lisilonuka Vumba

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika hapa Majengo, nami baada ya swala ya alfajiri nikaketi mbele ya tangi langu la samaki la lita 40 na kuinamia maji. Hayakunuka vumba. Mwaka jana sebule nzima ilinuka, na mama aliniambia kwa upole, "Mwanangu, samaki hawa wanateseka." Alisema kweli.

Wakati ule nilitegemea chujio la umeme peke yake. Umeme ulipopotea usiku kucha chujio lilisimama, maji yakaacha kuzunguka na kuingiza hewa, na kwa kuwa maji ya vuguvugu kama haya yetu ya Mombasa hayashiki oksijeni nyingi, kulipopambazuka samaki wanne walikuwa wamekufa. Niliumia sana, maana mimi ndiye niliyewafungia humo.

Ndipo nilipoanza kupanda mimea tangini. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Bakteria wanaoishi kwenye changarawe huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti yenye madhara madogo zaidi. Mimea haisubiri safari hiyo ifike mwisho, bali huifyonza amonia yenyewe na kuoteshea majani. Ninaoupenda zaidi ni mani planti, ule mmea utambaao ambao wengi huuweka barazani ndani ya chupa. Nimeyaegemeza mashina yake ukingoni ili mizizi tu ndiyo izame. Mwanzoni ilikuwa myeupe na laini kama tambi. Sasa imetoa vinyuzi vingi mno, na vitoto vya gapi, hawa samaki wangu wadogo, hujificha humo.

Giza likiingia, hata hivyo, mimea iliyo ndani ya maji huacha kutoa oksijeni ikaanza kuitumia pamoja na samaki, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya kutazama kama wanatweta juu ya maji. Jani lililooza huliondoa siku ile ile, lisije likarudisha amonia. Kila Ijumaa hubadilisha ndoo moja ya maji ya mfereji yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke. Ya kisima chetu yana chumvi, na mimea hii haiyawezi. Samaki nao nimewapunguza hadi saba, jambo ambalo naamini limesaidia sawa na mimea yenyewe.

Leo nimewahesabu mara mbili kwa mwanga wa tochi. Wote saba walikuwa chini, karibu na mizizi, wakipumua taratibu.