Hiyo Ijumaa umeshaamka nayo?

Bado linanikereketa, jamani, na ni neno la Mama Vitumbua tu.

Jumatatu asubuhi nimepita kwake kama kawaida, mvua imekatika kidogo, matope hadi kwenye vifundo. "Umeamkaje mwanangu?" Nikamwambia salama mama, ila masika yakiendelea hivi Jangwani watafunga barabara, sijui kazini nitafikaje, halafu Ijumaa namrudisha mama kliniki, sijui watasema nini. Yeye anageuza vitumbua na kile kijiti chake cha chuma, hata macho hakuinua.

"Nimekuuliza umeamkaje. Hiyo Ijumaa umeshaamka nayo?"

Wateja wakaangua kicheko, yule kijana wa bodaboda kuliko wote. Nikalipa, nikaondoka, chenji nikamwachia.

Siku nzima nikawa namjibu moyoni. Kwenye mwendokasi nimemjibu, ofisini nimemjibu, usiku natwanga kitunguu saumu nimemjibu: wewe una mgonjwa ndani? Unajua nini? Majibu makali kweli, yote yamechelewa. Humo humo Baba Watoto kaongezewa mkataba na mdogo wangu wa Tanga kaposwa.

Jumatano Baba Watoto akachoka kunisikiliza. "Huyo mama unamjua wewe?" Kumbe mafuriko ya Desemba 2011 yalimkuta bonde la Msimbazi, hapa hapa Dar. Nyumba ikaenda na kila kitu, akawa miongoni mwa waliopelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wakaanzia kwenye mahema. Mimi mwaka ule nilikuwa Tandika, maji nimeyaona kwenye taarifa ya habari. Mwenye haki ya kuogopa wingu ni yeye, na ndiye anayeamka saa tisa usiku kuwasha mkaa huku mvua inapiga bati.

Hasira ikaniisha yenyewe. Nikabaki najiuliza, hofu yangu hii ya miaka yote imewahi kuizuia sukari ya mama isipande hata siku moja?

Alhamisi: "Umeamkaje?"

"Mzima, alhamdulillah. Na mama kamaliza uji wote." Nikanyamaza. Ulimi unaniwasha, lakini nimenyamaza.

Akaniangalia, kijiti kiko hewani. "Basi? Leo mvua hainyeshi?"

Tukacheka mpaka akaniongezea kimoja cha bure, kimenukia iliki, kimeungua kidogo pembeni.

Ijumaa tumekwenda, na woga nilikuwa nao, niseme uongo wa nini. Ila safari hii kwenye benchi sikuwa nahesabu watu waliotutangulia. Mama alinisimulia siku alipoolewa, mvua ilivyowakuta uwanjani na ngoma haikusimama, na nilimsikiliza hadi tukaitwa. Sukari imeshuka kidogo, dozi ile ile.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni kamati ya harusi Tanga. Wametuma sare kwenye grupu, rangi ya chungwa! Mimi na chungwa wapi na wapi? Na fundi wangu kahama bila kuaga, kitenge changu cha Idi anacho yeye. Anayejua alikohamia aniambie.