"Ana", si "alikuwa na"

Leo nimemsindikiza shangazi kutoa sampuli ya vinasaba (DNA).

Binamu yangu alitoka nyumbani miaka tisa iliyopita, hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna simu. Faili lipo tu.

Kazi yenyewe haikufika dakika mbili: kijiti chenye pamba ndani ya shavu, basi. Italinganishwa na miili isiyotambuliwa.

Ila kabla ya hapo kulikuwa na fomu.

Kijana wa mapokezi akauliza, kwa upole kabisa: "Mwanao alikuwa na alama yoyote?"

"Ana kovu kwenye nyusi."

"Alikuwa na urefu gani?"

"Ni mrefu kumshinda huyu," akaninyooshea kidole.

Kila "alikuwa" aliirudisha kuwa "ana". Hakukasirika. Alisahihisha tu, kama mwalimu.

Kufika swali la tano, yule kijana naye akawa anauliza, "Ana...?" (Nilimpenda hapo.)

Mtafiti Pauline Boss wa Marekani ameandika sana kuhusu msiba wa namna hii, wa mtu asiyejulikana yu hai au amekufa. Mimi nimeuona leo kwenye kitenzi.

Njiani sikujua nimwombee majibu yaje au yasije.

Mlio na ndugu aliyepotea, nyumbani mnamtajaje? Niandikieni.