Nilivyosugua kioo cha darubini yangu kwa mkono

Mi nipo Massachusetts, Dar nilikuwa fundi madirisha ya aluminiamu kwa hiyo vioo nimevizoea, ila darubini za kuangalia nyota nilijua ni mambo ya maprofesa tu. Kilichonibadilisha ni Stellafane, kile kilima cha watengeneza darubini kule Springfield, Vermont. Springfield ulikuwa mji wa viwanda vya mashine, na mwaka 1920 Russell Porter, jamaa aliyeshawahi kwenda Aktiki mara kibao, akaanza kufundisha wanaume 15 na mwanamke mmoja kutengeneza darubini, na wengi wao walikuwa watu wa kiwandani. Yaani mafundi! Mwaka 1923 wakaanzisha klabu yao, wakajenga na nyumba ya pinki juu ya kilima, afu mwaka 1930 wakamaliza darubini ambayo unakaa ndani kwenye joto huku kibanda chake kinazunguka na kioo kipo nje kwenye baridi. Ukishaonja baridi ya Vermont utajua walikuwa na akili kiasi gani.

Nikasema kama wao waliweza na mi naweza. Nikanunua vioo viwili vya duara vya inchi 6. Unaweka maji na unga wa kusagia katikati, unasukuma cha juu mbele na nyuma, unazunguka meza, unasukuma tena, cha juu kinabonyea, hicho ndo kitakuwa kioo cha darubini, na cha chini kinatuna. Kina cha shimo zima ninachotafuta ni kama milimita 1.2 tu! Nikaanza na unga namba 80, nikaenda nikipunguza ukali, na kila nikibadilisha naosha kila kitu, maana siku moja chembe moja ya unga mkali ilibaki kwenye ndoo ikanichora mstari, nikarudi nyuma wiki mbili nzima, iliniuma sana.

Kung'arisha ndo kazi yenyewe. Unafanyia juu ya tabaka la lami ulilopaka kwenye kioo cha chini, afu unapima kwa taa ndogo na wembe, njia ya Foucault yule mwanasayansi Mfaransa, kivuli kinakuonyesha milima na mabonde ambayo hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mzee mmoja wa klabu ya huku aliyekuwa ananielekeza akaniambia, "Weka kidole gumba hapo uhesabu mpaka kumi." Nikaweka, nikachungulia, pale kidole kilipokuwa kumeota kilima, joto la mkono tu limevimbisha kioo! Nilikaa kimya muda mrefu.

Ilinichukua miezi mitano, jioni baada ya kazi. Mwezi Agosti nikaibeba darubini yangu mpaka Stellafane kwenye mkutano wao, nikaisimamisha uwanjani gizani pamoja na za wenzangu. Saa nane usiku nikaielekeza kwenye Kilimia, lile kundi la nyota, ile ile ambayo bibi alikuwa anaiangalia kujua mvua, kwa macho yeye alikuwa anahesabu sita, mi nikaanza kuhesabu nikapita arobaini na bado zinaendelea.