Hita ndani ya jua la Likoni

Nimevuka feri sasa hivi, shati limenigandia mgongoni.

Kutoka Ukunda mshale wa joto ulitulia katikati. Kufika foleni ya Likoni, saa nane mchana, gari limesimama linaunguruma, mshale ukaanza kupanda.

Mzee wa tuktuk aliyekuwa nyuma yangu akaja dirishani. "Mwanangu, hebu sikiliza."

Tukasikiliza. Injini tu. Feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kimya.

"Likitembea, upepo unalipoza. Likisimama, halina wa kulipepea."

Angeuona mshale unapanda hata kwenye mwendo, alisema, angeshuku maji yamepungua, thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) imekwama au rejeta imeziba.

Kisha akanyoosha mkono, akafungua hita mpaka mwisho. Hita! Mombasa hii! Nilidhani ananitania.

Upepo ukatoka wa moto kama mdomo wa tanuri, naye akatabasamu: ungetoka baridi, ingekuwa dalili kwamba maji yameisha. Hita inachota joto la injini na kulitupa ndani, yaani kwangu mimi. Abiria wa pembeni alishuka akaenda kusimama kivulini, msaliti mkubwa.

Mshale ukarudi taratibu.

Kijana mmoja alitaka kufungua kifuniko cha rejeta, mzee akamzuia mkono. Maji yale yako kwenye presha, ukifungua yanakurukia usoni.

Kesho natafuta fundi wa umeme aangalie fyuzi, rilei (swichi inayowasha feni) na mota ya feni. Kuna mnayemwamini huku kisiwani?

Na magari yenu yaliwapa dalili gani kabla ya kuchemsha?