Siumwi, Nimepungua

Jumanne iliyopita, saa tatu kasoro usiku, Nnalongo mwenye nyumba wangu alibisha hodi akiwa na bakuli la supu ya kongoro mkononi, ile ambayo hapa Kampala wanaiita mulokoni. Aliliweka mezani, akarudi kuusukuma mlango mpaka ukafungika, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka minne niliyopanga kwake. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi ya Nsambya: "Hajji, mimi niko kama mama yako. Iko kliniki moja, mbali na hapa, watu wa mtaa huu hawaendi. Kesho asubuhi nakusindikiza. Dawa siku hizi ni bure, na mtu anaishi vizuri tu."

Ilinichukua muda kumwelewa. Nilipomwelewa, damu ilinipanda. Miezi kumi na minne nimeamka alfajiri kutembea, nimepita mbele ya chapati za moto nikatazama pembeni, nimelala na njaa ambayo hakuna aliyeiona, halafu mtu ananiletea supu ya mgonjwa na kuninong'oneza habari za vidonge! Nilimshukuru kwa mdomo mkavu. Alipotoka nilikaa nikiitazama ile supu mpaka mafuta yakaganda juu.

Niliondoka Tanga miaka sita iliyopita nikiwa na kilo 83. Miaka mitano baadaye mzani ulisoma 112. Mama yangu pale Ngamiani alifurahi kwa kila kilo. Nikituma picha anapiga simu: "Mwanangu umenawiri, Uganda imekupokea." Majirani wakija kusalimia anawaonyesha. Mashavu yangu yalikuwa ndiyo barua ya kuthibitisha kwamba kazi ipo na riziki ipo. Sisi tulio nje tunalijua hili. Hela ukichelewa kutuma watakuvumilia, lakini shuka kwenye basi ukiwa umekonda uone, ukoo mzima utakaa kikao jioni hiyohiyo.

Najua wenzangu wa Uingereza na Marekani husema Kampala si ughaibuni, ni kuvuka Mutukula tu. Waje wakae. Upweke hauulizi kama umepanda ndege au basi. Mke na watoto wako Tanga kwa sababu ya shule, mimi nashinda ofisini Mtaa wa Viwanda nikifuatilia makaratasi ya makontena yanayotoka bandari ya Dar, na jioni narudi kwenye chumba ambacho hakuna anayeniuliza nimeshindaje. Kijana wa roleksi pale njiani ndiye alikuwa mtu pekee aliyefurahi kuniona. Chapati mbili, mayai matatu, nyanya na kabichi, anakunja, anakupa kwenye gazeti, mnaongea mpira. Nikimaliza naagiza nyingine, kwa sababu nikiondoka pale naenda kwenye ukimya. Hilo lilinichukua miaka kulikubali. Njaa yangu ilianza jioni tu, tena siku ambazo watoto hawakupokea simu ilizidi.

Na chakula cha huku chenyewe kinataka mtu ajipange. Kwetu ukisema chakula ni wali na mchuzi wake, au ugali na mboga. Kwa Waganda emmere ni vile vitu vya kushibisha, na mchuzi unahesabiwa kando. Ukikaa hotelini wanakuuliza unataka emmere gani, na mgeni asiyejua anajibu kama wenzake, "yonna", yaani yote. Inakuja sahani moja ina matoke, wali, posho (ndio ugali wa huku), viazi vitamu, muhogo na kipande cha boga, na bakuli la maharage au mchuzi wa karanga, binyebwa. Kitamu, sibishi. Nilikula hivyo kila mchana kwa miaka mitano, na soda juu. Chupa ya soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, nami nilikuwa nakunywa mbili kwa siku nikisema nina kiu ya jua.

Siku ya kuzinduka nilikwenda kupimwa kwa ajili ya fomu ya kazi. Presha 168 kwa 104. Muuguzi alirudia mara tatu, kila mara akinitazama usoni. Akanionyesha hesabu kwenye karatasi: kilo 112, urefu mita 1.74, uzito unagawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, jibu 37. Kuanzia 30 tayari ni unene wa kupindukia. Sikuwa na la kusema. Baba yangu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 52 na hakuwahi kurudi kazini. Mimi nina 44.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilishuka mjini kwenye yale maduka ya ghorofani, mtu akaniuzia majani ya chai na unga wa kopo kwa shilingi laki moja na nusu za huku. Niliharisha siku tano, mzani ukashuka kilo tatu, nikapiga simu nyumbani kwa furaha. Wiki iliyofuata kilo zote tatu zilirudi, maana nililopoteza ni maji. Yule muuzaji hajui hata jina la kilichomo. Ndugu, pesa hiyo nunua mzani na viatu.

Viatu ndivyo vilivyonisaidia. Ukitaka kuijua Kampala, simama karibu na reli saa kumi na mbili unusu asubuhi uone watu wanaotoka Namuwongo na Kisugu wakitembea kwenda Mtaa wa Viwanda, mamia, kimya, wengine wamebeba viatu vya kazini mkononi. Mimi nilikuwa napita juu yao na boda, elfu tatu kwenda, elfu tatu kurudi. Siku ya kwanza nilipoungana nao nilisimama mara nne kupumua. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani alinipita, akageuka, akaniambia "Gyebale ko, ssebo", pole na kazi, kama vile kutembea kwangu nako ni kazi. Sijamsahau. Baada ya miezi miwili nikaanza kupanda Muyenga siku za Jumapili kupitia Kabalagala. Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mtu wa pwani kama mimi vilima vyake vinamtafuta kifuani kwanza, miguuni baadaye.

Lakini kutembea peke yake kulinipunguzia kidogo sana, hili naliandika wazi kwa wanaodhani mguu unaweza kufuta sahani. Sahani ndiyo iliyobadilisha mambo. Nilihama hotelini nikaanza kupika. Mafuta nikayapima kwa kijiko, kwa sababu kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na mimi nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu. Emmere ya aina moja tu, ukubwa wa ngumi. Nusu ya sahani mboga za majani, nakati au dodo, na mukene, hawa dagaa wa ziwani ambao huku wengine wanawadharau na ni chakula cha heshima kabisa. Soda nikaacha. Nilipofika kilo 97 mzani ulikwama wiki sita nzima, sikuongeza wala kupunguza, na hapo ndipo nilipolia, mtu mzima, chooni, nisisikike. Kisha ukaanza kushuka tena. Vidonge vya presha sikuviacha kwa amri yangu. Daktari ndiye aliyepunguza, baada ya vipimo.

Leo nina kilo 86. Kwa ile hesabu ya muuguzi ni 28.4, na mpaka wa uzito wa kawaida unaishia 25. Yaani kwa jedwali mimi bado mzito, na nimezidi kilo tatu kuliko nilivyotoka Tanga. Huyu ndiye mtu anayeletewa supu ya mgonjwa!

Nilipoacha roleksi nilihitaji pa kukaa jioni, nikawa nakaa barazani kwa Nnalongo. Yeye huninyooshea sahani, na Mganda kukataliwa chakula ni jambo zito. Kila siku nikawa nasema nimeshiba. Sikufikiria alikuwa akinihesabia. Mtu hali, nguo zinampwaya, mashavu yamekwenda. Majirani wakinisalimia walisema "Bambi, ng'okozze!", masikini, umekonda, kwa sauti ya kupeana pole. Walewale waliokuwa wakiniambia "ng'ogezze", umenenepa, wakati napumua kwa shida, na wakimaanisha sifa.

Kwenye maziwa makuu haya unene ni heshima ya tangu zamani. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika Karagwe mwaka 1861, upande wetu wa mpaka, aliwakuta wanawake wa ukoo wa mfalme Rumanika wamenoneshwa kwa maziwa hadi kusimama ni kazi. Hata Rais Museveni alipoonekana amepungua watu waliuliza kama anaumwa, mpaka akaeleza hadharani kwamba ameshuka kwa makusudi kutoka kilo 106 hadi 76. Sisi nasi tuna neno moja tu lililozoeleka, kukonda, na mtu hakondi ila kwa shida. Ni juzijuzi tumeanza kusema amepungua, na wazee bado wanasikia amekonda.

Jumatano nilimrudishia bakuli, na hasira yangu, nikitaka kumwambia aniache. Nilisema, "Nnalongo, siumwi, nimepungua kwa kutaka." Akaniangalia sana. Akaniambia kwao ni Rakai. Kaka yake alikuwa mvuvi Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa.

Waliokua wakati ule hawahitaji maelezo zaidi. Ugonjwa ule, UKIMWI, ulitambuliwa Kasensero mwaka 1982, na mwaka uliofuata kwetu Kagera. Upande wa Bukoba waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni. Huku wakauita Slim, yaani mwembamba kwa Kiingereza, na hadi leo Kiganda chake kimoja ni siriimu. Neno ambalo duniani kote linauza chai na mikanda ya tumbo, huku ni jina la kifo. Nnalongo alizika kaka, mke wa kaka na dada wawili kabla ya 1992. Kila mmoja, aliniambia, alianza kwa kusema ameshiba. "Kaka yangu nasema hivyohivyo, nimeshiba. Sisi tunanyamaza, tunaona aibu kuuliza. Na dawa haikuwa." Dawa za bure zilianza kutolewa Uganda mwaka 2004. "Wewe sikutaka kunyamaza," akasema.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, yakaisha mdomoni. Miezi kumi na minne nilidhani hakuna anayeniona katika mji huu.

Wewe unayepanga kuja, na najua mko wengi kwa sababu mnaniuliza mishahara: tafuta chumba chenye jiko kabla ya kutafuta chenye mandhari. Tafuta baraza la kukaa jioni, hata la mtu ambaye hamuelewani lugha vizuri. Waambie nyumbani mapema kwamba utapungua, usisubiri waone kwenye picha ya Idi. Mama yangu alilia, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi, na ikabidi nimtumie video nikipanda Muyenga bila kusimama ndipo akasema, "Haya, sauti ni yako." Na mtu akikuambia umekonda, kabla hujakasirika, muulize alizika nani.

Alhamisi nilikwenda naye kliniki. Sikulazimika, ila nisingeweza kumwacha alale na wasiwasi huo. Tulipanda matatu mbili hadi mbali kabisa na Nsambya, akanishikia mkoba wangu kwenye benchi na mkono wake ukawa unatetemeka kuliko wangu. Jibu lilitoka sina maambukizi. Presha 126 kwa 80. Aliifunika karatasi ile kwa viganja viwili, akasema jina la kaka yake.

Jioni akaniita barazani. Sahani ilikuwa na matoke, wali, posho, kiazi, muhogo na boga, vyote sita, kila kimoja kiasi cha kijiko, na rundo la nakati katikati. Akanisogezea akisema, "Yonna, Hajji. Naye ntono." Yote, lakini kidogo. Nikala yote.