Chuma Kilichobaki Pajani

Baba yangu mdogo, anayeishi Bombo, nchini Uganda, aliondoka jeshini wakati wa upunguzaji wa wanajeshi wa miaka ya 1992 hadi 1995, ambapo zaidi ya askari 36,000 walirudishwa uraiani. Alirudi na mabati, fedha kidogo na kipande cha chuma pajani ambacho hakikuwa kimeandikwa katika hati yoyote. Upungufu huo wa maandishi ndio uliomtesa kuliko chuma chenyewe, kwa sababu kila alipofuatilia malipo ya ulemavu aliombwa uthibitisho kwamba aliumia akiwa kazini, na daktari aliyemfunga bandeji porini alikuwa amekwisha kufariki.

Kuhusu usingizi wake hatuzungumzi sana. Pikipiki ikipasua ekzosi usiku, yeye huamka na kukaa kitako hadi alfajiri, akihesabu kwa Kiswahili cha kambini, ingawa nyumbani tunasema Kiluganda. Nilipomshauri aende Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, alinijibu, "Mwanangu, unataka majirani waseme nimerukwa na akili?" Nilinyamaza, na hadi leo naona nilikosea kunyamaza.

Vijana waliotumwa Somalia tangu 2007 angalau wana kumbukumbu za matibabu zilizo bora zaidi. Hata hivyo, mmoja wao, anayeendesha bodaboda mtaani kwetu, naye huwa halali. Siku hizi hukaa wawili hao barazani kabla ya mapambazuko, wakinywa chai.